Bei ya mwisho bila salamu

Huku Ujerumani tunauziana vitu vilivyotumika kwenye mtandao unaoitwa Kleinanzeigen. Unaweka picha na bei, na ukipenda unaongeza herufi mbili pembeni, VB, yaani bei inazungumzika. Mimi niliyekulia kwenye meza za mitumba za soko la Karume, Dar es Salaam, siku nilipoelezwa maana ya hizo herufi nilijiona nimefika nyumbani.

Wapi!

Niliweka kigari cha mtoto, euro 80, VB. Dakika kumi hazijaisha, ujumbe: "40, nakuja leo." Hata habari za jioni hamna. Mwingine: "Bei ya mwisho?" Wa tatu akauliza kama bado kipo, nikamjibu kipo, mpaka leo kimya. Wajerumani wenyewe hiyo "bei ya mwisho" wanaichukia, na wana utani wa kumzodoa anayeiuliza kwa Kijerumani kibovu, yaani mgeni kama mimi. Hapo siko nao. Bei ya mwisho ni swali halali kabisa, ila linaulizwa mwishoni, ukishaishika mali.

Kabla sijaondoka nilikuwa nauza mashati na mama mdogo Karume, ile ya kabla ya moto wa Januari 2022. Mteja anasimama, anakaribishwa, anakagua kola, anachungulia kwapa, anavuta vifungo. Elfu kumi na tano. "Mama, mimi nina saba." Mama mdogo anacheka: "Saba hata mtaji haurudi baba, ongeza." Huku wanaongea, mikono yake imeshaanza kulikunja shati. Wakifika kumi limeshakunjwa, na kaka wa watu hana pa kukimbilia. Ukitaja bei, ukakubaliwa, halafu ukaondoka, meza zote za jirani zitakusema. Na kama ni asubuhi hajafungua biashara, ndiyo umemtia nuksi ya siku nzima.

Sasa yule wa 40 tulielewana 60 kwenye simu. Akapanda hadi ghorofa ya nne, akazungusha gurudumu moja, akasema, "50. Nimetoka mbali." Yaani ile 60 tulikuwa tunapiga soga? Mume wangu alishaanza kununa. Mimi nikaanza kukikunja kigari polepole, nikamuuliza mtoto ana miezi mingapi. Mitatu. Analala usiku? Halali. Nikamwambia wangu alikuwa halali mpaka umsukume humo ndani, kwenye korido, saa tisa za usiku. Akatoa 60 bila neno. Nikampa na kifuniko cha mvua, nyongeza.

Sitaipamba Karume lakini. Nilipokwenda likizo, kijana alinitazama viatu kwanza, ndipo akanitajia koti: elfu themanini. Robo saa ya "dada, hapo sijapata kitu" nikalichukua kwa thelathini, na najua bado alinipiga. Kwenye mfuko wa ndani nikakuta risiti ya duka la mikate, ya Kijerumani. Koti limevuka bahari kama mtumba, nami nimelirudisha kwao kwenye begi! Huku duka la mitumba halikuangalii viatu, bei ni ile iliyobandikwa. Siku ambayo umechoka, hiyo ni raha ambayo nyumbani sikuwahi kuijua.

Na si kwamba Wajerumani hawajui kupatana. Nenda Flohmarkt, soko lao la vitu vya zamani la Jumapili, uone wazee wanavyovutana kwa euro mbili za taa, wanataniana, wanapeana mkono. Wakirudi kwenye simu tu, ulimi unageuka panga. Dar nako tunaelekea hukohuko: muuzaji wa Instagram anaficha bei, "njoo inbox", ukienda anakutajia, nawe unapotea bila hata kuaga. Tumeanza kufanana.

Kwa sasa nauza meza ya chakula, euro 40, VB. Tangu nianze kuandika haya nimeshaulizwa bei ya mwisho mara nne. Aliyesalimia ni mmoja, naye alitaka viti.