Kuhesabu wasomaji bila kuwachungulia, mbona kwenye tovuti ndogo ndo kugumu zaidi

Nina katovuti kangu naandika mambo ya Ziwa Victoria, bei ya dagaa sokoni pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, habari za nyavu, boti za Ukerewe, na mara moja moja mambo ya hela. Wasomaji hata mia tatu kwa wiki hawafiki. Ila kuna kitu kimenikaa kichwani tangu mwaka jana na nikiongea na wenzangu wenye tovuti ndogo ndogo naona hawakifikirii kabisa, kwamba ukishaanza kutaka kujua watu wanasoma nini, unaachia wapi?

Ilikuwa hivi. Niliandika kuhusu kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya rejesho la kila siku. Nikaweka na hesabu, ukichukua laki moja ukarejesha 4,500 kila siku kwa siku 30 umetoa 135,000, na riba yenyewe ukiipiga vizuri ni zaidi ya hiyo 35 kwa mia maana ile laki hukai nayo mwezi mzima, kesho yake tu ushaanza kuirudisha. Siku tatu mbele nikafungua logi ya seva, lile faili ambalo kila mtu akifungua ukurasa unaandikwa mstari, IP yake (namba anayotambulika nayo kwenye intaneti), saa, kafungua nini, katokea wapi, simu gani na brauza gani. Seva inaandika saa za kimataifa (UTC) kwa hiyo naongeza tatu. Naona simu moja, modeli ya zamani kweli, imefungua ule ukurasa saa saba usiku, kesho yake saa nane usiku, siku ya tatu mara nne usiku huo huo. Simu ile naijua. Mimi ndiye niliipeleka kwa fundi Makoroboi ikabadilishwe kioo. Ya shemeji yangu, mke wa kaka.

Jumapili tukala kwao Igoma. Kaka anapiga stori za timu ya Pamba, shemeji anapakua ugali anacheka kama kawaida, mimi namwangalia mkono tu. Sikuiba kitu, sikufungua simu ya mtu, ila nilikuwa najua jambo ambalo pengine mume wake halijui, na yeye hajui kwamba najua.

Sasa msinielewe vibaya, mimi sio wale wanaosema usihesabu chochote. Logi hiyo hiyo iliwahi kuniokoa. Kuna mtu alibandika karatasi kwenye stationery moja, kaandika link ya ukurasa wangu wa bei, ila kwa mkono, na badala ya dagaa kaandika daga. Kwenye logi nikaona 404 zimejaa, watu wanagonga mlango ambao haupo, siku ya pili siku ya tatu. Nikaelekeza ile link yenye kosa iende kwenye ukurasa sahihi, kazi ya dakika mbili. Bila kuhesabu wale wote wangesema tu tovuti ya jamaa mbovu. Na angalia, pale sikuhitaji kujua nani, nilihitaji kujua nini kimegongwa na mara ngapi.

Halafu kuna moyo wa mwandishi jamani. Unakaa usiku unaandika, umeme unakatika, unaandika tena, lazima utake kujua kama kuna mtu upande wa pili. Asiyetaka kujua hilo simwamini.

Njia ya wengi ni Google Analytics, huduma ya Google ya kuhesabu wasomaji wa tovuti. Google walinunua kampuni ya Urchin mwaka 2005 na mwaka huo huo wakaanza kuitoa bure kwa watu, na bure ya Google tunaijua, unalipa kwa kuwapa wasomaji wako. Januari 2022 wasimamizi wa faragha wa Austria walisema kuitumia kama ilivyotumika pale ni kuvunja sheria ya Ulaya kwa sababu taarifa zinakwenda Marekani, Februari Ufaransa nao wakasema hivyo hivyo, ikaja kutulia Julai 2023 Ulaya ilipokubali mpango mpya na Marekani. Hayo ya kwao. Kwa huku kwetu mimi kinachoniudhi zaidi ni kwamba ile skripti yao, kiprogramu unachopachika kwenye ukurasa, ni nzito kuliko maandishi yangu yenyewe, mtu yuko Nansio na bando la kuunga unga, anakuja kusoma bei ya dagaa, nusu ya MB zake zinaenda kunisaidia mimi kumpeleleza yeye. Na bado jibu lenyewe la ovyo! Mitandao ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, kwa hiyo ramani ikaniambia karibu kila mtu wangu yuko Dar es Salaam. Watu wa Sengerema wote Dar. Waliotoka WhatsApp hawaonyeshi walikotoka, wanahesabiwa kama wamejileta wenyewe.

Zipo zilizo na adabu zaidi, Plausible, GoatCounter, Matomo ukiipanga vizuri. Plausible kwa mfano hawaweki kidakuzi (kifaili cha kumkumbuka msomaji kwenye simu yake), wanachanganya IP na brauza na namba ya kubahatisha inayobadilika kila siku, ya jana inafutwa, kesho hawawezi kukuunganisha na wa leo. Safi. Ila hizi zote zinakuficha kwenye kundi, na mimi kundi sina. Tovuti ya watu milioni ikisema mtu mmoja wa Android kasoma ukurasa fulani leo, hiyo ni takwimu. Yangu ikisema hivyo, hiyo ni shemeji.

Rafiki yangu mmoja fundi wa kompyuta Nyegezi alinicheka sana. "Kaka, Facebook wanajua mpaka msomaji wako anaota nini, laini kasajili kwa alama za vidole, wewe na vimistari vyako mia mbili unajitesa nini?" Ana hoja, tena kubwa, usajili wa vidole tumeupanga foleni wote. Lakini Facebook hakai na shemeji msiba mmoja. Facebook hawezi kumtajia kaka yangu kwa bahati mbaya akiwa amechangamka. Mimi naweza. Anayekujua akijua siri yako inauma tofauti na kampuni ya ng'ambo ikijua.

Na sheria hapa Tanzania ipo, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, ina mpaka sehemu ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Mahakama ya Umoja wa Ulaya tangu 2016, kesi ya Breyer, ilishasema hata IP inayobadilika inaweza kuwa taarifa binafsi kama mwenye tovuti ana njia halali ya kumtambua mtu. Mimi njia yangu ilikuwa kioo cha simu.

Nilichofanya: modeli ya simu nimeitoa kwenye logi, IP nakata kipande cha mwisho, logi inafutwa kila baada ya siku saba nabaki na jumla ya kurasa tu. Wale wanaojaribu kuvunja nywila nimewawekea logi ya pembeni, IP nzima, siku mbili inafutwa, kwa mwizi sina aibu. Na ukurasa wa kausha damu nimeuzimia logi kabisa, nginx (programu inayoendesha seva) ina mstari mmoja tu, access_log off, yaani usiandike, basi.

Hasara nimeipata. Duka moja la nyavu lilitaka kuweka tangazo, mwenye duka akauliza wasomaji wako wangapi wanarudi, wa wapi, wanaume au wanawake, nikamwambia najua kurasa zimefunguliwa mara ngapi, basi. Akaniangalia kama nimemwambia sijui umri wangu. Tangazo halikuja. Na ukurasa ambao ningependa kuliko yote kujua kama unasaidia ndo huo nimejifunga macho, hata kama umeharibika sitaujua mpaka niufungue mwenyewe.

Juzi pale Mwaloni mama mmoja anayeanika dagaa aliniuliza kama zile hesabu za rejesho bado zipo, mwenzake kamtajia. Nikamwambia zipo. Akauliza, "Nikifungua unaona?" Nikamwambia hapana mama, ule hapana.