Madaftari yake yasipotee

Poleni sana wafiwa. Makala ya tanzia ya mwenzetu imezieleza vizuri kazi za marehemu kama mbunifu wa michoro, ila ubaba wake umeguswa juu juu tu. Sisi tuliofanya naye kazi tulimjua kwa madaftari yake: ukurasa huu nembo ya mteja, unaofuata jani lililokaushwa, mishipa yake imefuatishwa kwa penseli, na pembeni binti yake kachora ndege mwenye miguu mitatu. Wala hakumfuta! Rangi alizitoa kwenye magome ya miti na kuvu (wateja wengine walinuna kwanza, baadaye wakazing'ang'ania). Wanawe, tafadhali msiyatupe madaftari hayo. Hata yale yaliyolowa mvua porini yana michoro ambayo haikuwahi kuchapishwa.