Bi Harusi wa Sekunde 15

Nilikuwa na laki saba. Mke wangu anajua zilikuwa laki nne, kwa hiyo ukikutana naye Ngamiani, hapa kwetu Tanga, tafadhali tusitiriane.

Nilitaka kamera ya kupigia picha za usiku. Simu yangu ikiingia magharibi ilikuwa inatoa picha za mchuzi wa choroko: rangi moja, na ukikodoa sana unaona kitu kinaelea. Nikapata Canon EOS 600D ya mtumba kwa laki tano, pamoja na lenzi yake ndogo ile ya milimita 18 mpaka 55. Kamera yenyewe ilitoka mwaka 2011, kwa hiyo katika ukoo wa kamera huyo ni bibi wa kuamkiwa, lakini ana megapikseli 18 na viungo vyote vinafanya kazi. Zikabaki laki mbili za lenzi ya pili. Hizo ndizo zilizoniponza.

Muuzaji aliweka lenzi mbili mezani, bei karibu sawa. Moja ilikuwa kijitu cha plastiki, milimita 50, f/1.8, gramu 130. Ukiishika unadhani wamesahau kutia vioo. Ya pili ilikuwa ya milimita 75 mpaka 300, karibu nusu kilo, ukiizungusha inatoka kama shingo ya kobe aliyeitiwa chakula. Mimi nimeshawaona wapiga picha pale Mkwakwani siku Coastal Union wanacheza, wamekaa nyuma ya goli na midomo mirefu namna ile, na hakuna anayethubutu kuwauliza tiketi.

Nilikuwa nimemchukua mzee mmoja wa mtaani kwetu, mwenye studio ya zamani, aje anikagulie. Huyu alikuwa akisafisha filamu gizani kabla mimi sijazaliwa. Kwanza aliwasha tochi ya simu, akafumba jicho moja, akaimulika kila lenzi kutokea nyuma. Anatafuta ukungu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, lenzi ikilazwa kabatini miezi inaota ndani kitu kama utando wa buibui, na hicho hakifutiki kwa ncha ya kanga. Zote mbili zilikuwa safi. Akazirudisha mezani, akanitazama.

"Mwanangu, unataka kupiga picha za usiku au unataka kupiga chabo?"

"Za usiku, mzee."

"Basi nunua tundu. Usinunue mdomo."

Akanieleza. Lenzi ina tundu la kupitishia mwanga, na ile namba ya f inakwenda kinyumenyume, ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Ile ndogo ikifunguliwa mpaka 1.8, inapitisha mwanga kama mara kumi ya lenzi iliyokwama kwenye 5.6. Na ile ndefu, ukiivuta mpaka mwisho wake, 5.6 ndiyo pumzi yake yote. Hata usipoivuta ni 4. "Ni kama kukinga ndoo," akasema. "Ndoo ni ileile. Bomba likiwa jembamba utasubiri sana, na wewe ukisubiri, watu hawakungoji."

Niliitikia kwa adabu, na moyoni nikasema mzee kachoka. Namba ndogo iwe kubwa? Nikanunua mdomo. Kuhusu kusubiri, nilikuwa nimeshapanga: nitaweka tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, kamera itulie, nisubiri hata mpaka alfajiri.

Kilichoniharibu zaidi ni kwamba mara ya kwanza nilifanikiwa.

Usiku wa mbalamwezi, siku tano kabla ya harusi ya binti wa Mamkubwa, nilikwenda karibu na bustani ya Jamhuri, nikaielekeza kamera Kisiwa cha Toten. Wajerumani ndio walioacha jina hilo, maana yake ni wafu, na kweli kisiwani mna magofu ya misikiti na makaburi ya zamani. Nilitungika mfuko wa mawe chini ya tripodi upepo usiitikise. Nikaweka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde 2, ili kidole changu kisiitetemeshe. ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kuhisi mwanga, nikaiacha 100, maana niliambiwa ukiipandisha picha inajaa chenga kama televisheni ya zamani. Sekunde 30 tundu likiwa wazi. Kimya.

Ilitoka picha, nikashika kichwa. Kisiwa kimekaa juu ya maji ya fedha, miti unaihesabu. Nyota zilikuwa zimerefuka kidogo kama punje za mchele, kwa sababu dunia inazunguka na nyota hazikungoji. Ili zisirefuke kuna kanuni ya kugawa 500 kwa urefu wa lenzi upate sekunde, na kwa kamera kama yangu urefu huo kwanza unazidishwa kwa 1.6, mimi kwenye milimita 75 ningepaswa kuishia sekunde 4 hivi. Na mashua zilizotia nanga zilitoka kama mafungu ya pamba. Hilo lilikuwa onyo. Sikulisoma. Nilichokiona ni kisiwa, na kisiwa ni mtulivu kuliko wote waliowahi kukaa mbele ya kamera yangu. Hakiinuki kwenda kuchukua soda.

Asubuhi nikamwambia Mamkubwa asihangaike kutafuta mpiga picha, yupo.

Usiku wa taarabu, barabara imefungwa, maturubai juu, bi harusi kwenye kiti chake chenye mgongo mrefu kama cha sultani. Saa tatu na nusu umeme ukakatika. Jenereta lilikuwepo, petroli haikuwepo, na aliyetumwa kuinunua ndiye aliyeondoka na funguo za pikipiki. Zikaletwa karabai mbili, watu wakawasha tochi za simu, waimbaji wakaendelea bila vipaza sauti. Wageni walinung'unika. Mimi nilifurahi kwa siri. Giza ni fani yangu.

Ile lenzi fupi iliyokuja na kamera nilikuwa nimeiacha nyumbani ndani ya soksi. Ile ndefu, hata ikikunjwa yote, bado inaona karibu mno. Ili nimpate bi harusi na kadamnasi yake ilinibidi nirudi nyuma, nirudi tena, mpaka nikavuka barabara na mguu mmoja wa tripodi ukaingia mtaroni. Mguu wangu nao ukafuata. Flashi ya kamera kwa umbali ule ingewaangazia mbu tu, na shangazi wa Pangani alikwisha kuipiga marufuku, ati inamfanya bi harusi aonekane kapakwa unga wa muhogo. Haya. ISO 100, f/4, sekunde 15. Nikapiga picha 41, mguu ukiwa majini.

Kesho yake baada ya chai, ukoo mzima ulikusanyika sebuleni kwa Mamkubwa. Mpwa wangu akachomeka waya kwenye televisheni. Sikuwa nimezitazama vizuri picha zenyewe, kioo cha kamera ni kidogo na nilikuwa nimechoka. Nilikaa kochi la mbele.

Wanawake arobaini waliokuwa wakicheza na kutuza hawakuwepo. Palikuwa na moshi wa rangi za dira, na mistari ya mwanga inayojiviringa hewani kama nyoka wa moto. Hizo ni tochi za simu. Walioonekana sawasawa ni wale wasiotikisika: viti vya plastiki vilivyopangwa, sufuria la pilau, mjomba aliyelala mdomo wazi, na mama mkwe. Mama mkwe alionekana mpaka nyuzi za ushungi wake. Sekunde 15 nzima alikuwa akimtazama bi harusi bila kupepesa. Nasema hivi kwa heshima.

Na bi harusi alikuwa kioo. Mgongo wa kile kiti cha sultani uliuona kupitia kifuani mwake, na misumari yake. Juu ya shingo palikuwa na nyuso mbili: mmoja umeinama kwa haya, wa pili umegeukia mlangoni kama mtu anayetafuta njia ya kutokea.

Hakuna aliyesema kitu. Kijiko kilianguka jikoni, watu wawili wakashtuka.

"Huyu nani," Mamkubwa akauliza polepole, "aliyemkalia mwanangu usoni?"

Nikaanza kueleza habari za shata, kile kipazia cha ndani ya kamera kinachofunguka kuingiza mwanga. Mpwa wangu, mtoto ambaye sitamsahau, akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma, na kwenye televisheni ikajaa picha ya kisiwa.

"Na hapo ni wapi?"

"Toten, Mamkubwa."

"Toten ya makaburini?"

"Ndiyo."

"Usiku?"

"Saa sita hivi."

"Uliaga?"

"Mamkubwa, mimi sikuvuka! Nilikuwa huku ng'ambo. Niliivuta tu."

"Uliivuta."

"Kwa lenzi. Ndiyo kazi yake, inavuta."

Mamkubwa akajipiga paja. "Wallahi mmemsikia wenyewe! Kamvuta! Kamvuta mtu wa watu amejilalia kwake, kamtia humo ndani ya kibweta, kaja kumtolea kwenye harusi ya mwanangu!"

Nusu saa haikupita, maalim akawa ameshafika na ubani wake. Bi harusi alikuwa kwa mumewe, kwa hiyo nilikalishwa mimi katikati ya mkeka, kamera mapajani, kama mtu na mwanawe mgonjwa. Mapazia yakashushwa. Nilisomewa, nikafukizwa, nikanyweshwa kombe. Kamera nayo ilifukizwa, na mpaka leo ukiisogeza puani inanukia udi.

Ningenyamaza, mambo yangeishia pale. Lakini nikajiona msomi.

"Maalim, samahani," nikasema, "niruhusu nithibitishe. Keti hapo kwenye kiti. Nikihesabu saba, inuka uende dirishani. Utaona mwenyewe, si jini, ni muda tu."

Maalim ni mtu muungwana, akakubali. Chumba kilikuwa na giza la kutosha. Nikaweka kamera juu ya stuli, sekunde 15, nikahesabu, akainuka, akaenda. Nikachomeka waya.

Maalim alikuwa kioo. Kofia ya moshi, kanzu ya moshi, na kupitia tumboni mwake unasoma maandishi ya kalenda iliyokuwa ukutani.

Nilidhani watasema "aa, kumbe". Shangazi wa Pangani, ambaye kwa miaka mingi magoti hayamruhusu kupanda hata kibaraza, alitoka kwa dirishani. Mjomba aliyelala kwenye picha aliamka, akaona televisheni, akatoka kwa mlango wa uani. Maalim peke yake ndiye hakukimbia. Alisimama akijitazama kwa muda mrefu, akajishika tumbo.

"Ifute hiyo," akasema.

Nikaifuta. Akaketi tena mkekani, akavuta chetezo karibu. Tulikuwa tumepatana elfu thelathini. Akasema sasa ni elfu sitini, kwa kuwa wagonjwa tumekuwa wawili.

Jioni bi harusi alipiga simu. Nilipokea huku nimeandaa msamaha mrefu.

"Kaka, nitumie ile ya nyuso mbili."

"Hukuogopa?"

"Niogope nini? Wa kwanza ndio nilioambiwa niuweke. Wa pili ndio wangu, nilikuwa nimekunywa soda tatu natafuta choo. Kuna mtoto alinimulika na flashi ya simu nilipogeuka."

Ndiyo siri yenyewe, kumbe. Alikaa nusu ya muda, akainuka, kiti kikajipiga chenyewe kwa nusu iliyobaki. Na ile flashi ya mtoto ikaugandisha uso wa pili juu ya wa kwanza. Picha walizozitia fremu zilipigwa na mtoto huyohuyo, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Hazina ustadi wowote, ila ndani yake bi harusi ana uso mmoja.

Nilimpelekea mzee wa studio tumbaku na mkono wa pole. Alitaka anione nikieleza mwenyewe, na kila nilipofika kwa maalim alinirudisha mwanzo. Alipomaliza kukohoa akachukua kalamu, akapiga hesabu kwenye kibahasha: lenzi ile ya plastiki, f/1.8, na ISO 3200, kwa karabai zilezile, ingemaliza kazi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde.

"Na chenga, mzee?"

"Chenga zingekuwepo. Lakini nani alishaitiwa maalim kwa sababu ya chenga?"

Lenzi ndefu niliitangaza kwa laki moja na nusu. Mteja wa kwanza alikuwa kijana anayetaka kupiga mpira. Aliigeuza, akaimulika kwa tochi kutokea nyuma, nikaona huyu kafundishwa. Kisha akainusa, akanitazama, akainusa tena.

"Hii mbona inanukia udi?"

"Ilikuwa ya watu wasafi."

"Na inavuta?"

"Inavuta sana," nikamwambia. "Ila ukiielekeza Toten, uage."