Chanjo ya malaria: mama aambiwe inazuia, au aambiwe inazuia kiasi gani?

Tangu Septemba 2019, chanjo ya malaria ya RTS,S ilipozinduliwa Homa Bay, wahudumu wa afya magharibi mwa Kenya wamekuwa na njia mbili za kuieleza. Wapo wanaosema kwa ufupi, "Mlete mtoto, chanjo inazuia malaria." Wengine hutaja na mipaka yake: katika utafiti uliofuatilia watoto kwa miaka 4, dozi 4 zilizuia takriban visa 4 kati ya 10 vya malaria (asilimia 39), na takriban 3 kati ya 10 vya malaria kali.

Kauli fupi ina hoja nzito. Foleni ya kliniki ni ndefu, watoto wanalia, muuguzi hana muda. Tena asilimia ina hatari yake. Mzazi wa Kisumu akisikia "asilimia 39" huona alama za mtihani, na kwa alama hizo mtu amefeli. Kwa nini basi mwanawe adungwe sindano iliyofeli?

Lakini gharama ya ufupi huja baadaye. Chanjo ilipoanza, Kenya ilipanga dozi hizo nne mtoto akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Tuseme mtoto mwenye dozi tatu anapata joto mwilini akiwa na miezi 14, anapimwa, na ni malaria. Mama aliyeambiwa "inazuia" ana haki ya kuona amedanganywa. Dozi ya nne bado iko mbele, na majirani wameshasikia. Mwingine naye huacha kumlaza mtoto ndani ya neti, ilhali kinga ya chanjo hupungua kadiri muda unavyopita.

Kwa maoni yangu, kiasi kitajwe, ila kwa kuhesabu wagonjwa: "Pale watoto wetu wangeugua malaria mara 10, wakimaliza chanjo wataugua kama mara 6. Akipata joto, mlete apimwe. Si kwamba chanjo imeharibika. Neti iendelee." Hayo hayamalizi dakika moja. Yasemwe siku ya dozi ya kwanza, kwa sababu maelezo yanayokuja baada ya ugonjwa husikika kama kisingizio. Yarudiwe mtoto akiletwa tena kliniki kabla ya dozi ya nne, na tarehe ya dozi ya nne iandikwe kwenye kijitabu cha kliniki mama akiona.

Je, wapo watakaositasita wakisikia 6 kati ya 10 bado wanabaki? Wapo, na hilo ndilo pingamizi ninaloliheshimu zaidi. Hao waelezwe kuhusu vifo. Katika maeneo ya majaribio ya Kenya, Ghana na Malawi, vifo vya watoto waliofikia umri wa chanjo vilipungua kwa asilimia 13, kwa kuhesabu sababu zote isipokuwa majeraha. Yaani, pale ambapo wangezikwa watoto 100, walizikwa 87.