Fedha, mkataba na kujituma kwa mchezaji

Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila goli ambalo Simba na Yanga wangefunga katika mashindano ya Afrika, na ahadi hiyo, iliyoitwa "Goli la Mama", ikawa gumzo nchi nzima. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, huku Fiston Mayele akiibuka mfungaji bora wa mashindano kwa magoli 7. Anayeamini kwamba fedha humfanya mchezaji ajitume ana pa kuanzia. Hata hivyo, Yanga na USM Alger walimaliza mechi mbili za fainali kwa jumla ya 2-2, na kombe likaenda Algiers kwa kanuni ya magoli ya ugenini, kwa sababu Yanga waliruhusu mawili Dar es Salaam. Ahadi iliyohesabu magoli haikupima kazi ya beki.

Katika safari hiyo, kuanzia hatua ya makundi, kiungo wa Yanga Feisal Salum hakuwamo. Desemba 2022 alitaka kuvunja mkataba wake kwa kuiwekea klabu shilingi milioni 112. Klabu ikazirudisha, na kamati ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Upande wa klabu una hoja nzito, kwani mkataba uliosainiwa kwa hiari ukiweza kuachwa kila mchezaji anapopanda thamani, hakuna kocha atakayepanga kikosi cha msimu mzima. Lakini mkataba ule ulimzuia kwenda kwingine tu, haukumfanya acheze.

Alipohamia klabu ya Azam katikati ya 2023, alifunga magoli 19 ya ligi msimu uliofuata na timu ikamaliza nafasi ya pili. Aliyempita kwa magoli, Stephane Aziz Ki mwenye magoli 21, alikuwa Yanga akielekea mwisho wa mkataba wake. Mmoja alikuwa ametoka kupata mkataba, mwingine alikuwa akiuwinda. Ndiyo maana siikubali kauli kwamba mchezaji akishasaini hulegea.

Kwa maoni yangu, kinachovunja moyo kuliko udogo wa mshahara ni mshahara usiofika. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji asiyelipwa miezi miwili kuvunja mkataba baada ya kuipa klabu notisi ya siku 15 ilipe, ila kwa mchezaji wa timu ya mkiani, anayedaiwa kodi ya nyumba, kudai haki hiyo kunahitaji mwanasheria na akiba ambavyo hana. Klabu yenye malimbikizo ilipe kwanza mshahara wa mwezi uliopita, ndipo itangaze bonasi ya kuifunga Simba au Yanga.