Nimevushwa Bahari Kwenda Kuonyeshwa Mji Usio na Gari

Kama kuna kitu mtu wa Amu, yaani Lamu, hana haja ya kulipia nauli kwenda kukiona, ni mji usio na gari. Sisi tumezaliwa humo. Kwa miaka mingi kisiwa kizima kilikuwa na gari moja tu, la mkuu wa wilaya, nalo lilikuwa halina pa kwenda ila kwenda na kurudi pale ufuoni. Punda wawili wenye mizigo wakikutana kichochoroni, binadamu unajibana ukutani mpaka wamalizane. Na kwa hali hiyo hakuna aliyetuita pepo ya dunia. Tuliitwa watu wa nyuma. Mpaka 2001 UNESCO walipotuandika kwenye urithi wa dunia, ndipo tukaambiwa uzuri wetu ni ule ule tuliokuwa tukiwaomba wageni radhi kwa ajili yake.

Sasa mpwa wangu, aliyeolewa Holland, kanialika kupumzika kwake. Nikapumzika kidogo, akaanza: "Mjomba, kesho twakupeleka Giethoorn. Kijiji cha ajabu! Hakina barabara, hakina gari, watu wanakwenda kwa boti."

Nikamtazama. Mtoto huyu kazaliwa Mkomani, mtaa wa Amu. Tangu utotoni hajapata kwenda popote bila kupanda boti ya Mokowe, gati la upande wa bara, na miaka mingine nahodha wa boti hiyo nilikuwa mimi.

"Na punda wako?" nikamwuliza.

"Hakuna punda, mjomba."

Nikamwambia basi hicho kijiji hakijakamilika.

Tukenda kwa gari. Narudia, maana jambo lenyewe lataka kurudiwa: ili kuona kijiji kisicho na gari, tulipanda gari, tukalifikisha kwenye uwanja uliojaa magari na mabasi ya watalii, tukalipa pesa ili gari lisiingie mahali ambapo haliwezi kuingia. Mkwe, Mholanzi mrefu mwenye adabu, alilipa kwa kadi huku akitabasamu. Mimi nilikuwa nahesabu kwa shilingi, na kuhesabu kwa shilingi Ulaya ni kujitafutia maradhi.

Sikatai, kijiji ni kizuri. Nyumba kila moja na kisiwa chake kidogo, mbele yake mfereji, na daraja la mbao limejikunja juu ya maji. Madaraja yanapita 170, na mengi ni ya mtu binafsi: daraja moja, nyumba moja, kibao kimoja cha kukwambia usivuke. Wakazi wenyewe hawafiki 3,000. Mapaa ni ya matete, yamekatwa yakalingana hadi nikashuku kinyozi. Mkwe akanieleza kuwa matete hayo hukatwa mabwawani hapo karibu, kwenye hifadhi ya Weerribben-Wieden, na kwamba paa la namna ile ni ghali, na bima yake nayo ghali kwa sababu ya moto. Nilicheka mpaka nikakohoa. Kwetu mtu akishika pesa, la kwanza ni kung'oa makuti atie mabati. Hawa wakishika pesa ndipo wanapoezeka majani.

Nikauliza hii mifereji ni ya nini, maana mtu hachimbi hivi kwa kupenda uzuri. Kumbe zamani watu walikuwa wakichimbua udongo mweusi wa mabwawani, wanaukausha, unawashwa majumbani badala ya kuni. Mifereji ilichimbwa ili mashua zibebe udongo huo. Ng'ombe na majani yao pia walisafirishwa kwa mashua, jambo ambalo mimi nimelifanya, na sitaki kulikumbuka. Basi wakachimba, wakachimba, mpaka vipande vya ardhi vilivyobaki vikawa vyembamba, mawimbi yakavimega, mashimo yakaungana yakawa maziwa. Tufani za 1775 na 1776 zikakimeza kijiji kizima cha jirani, Beulake. Yaani wazee walichimba mashimo, wakayaacha wazi, yakajaa maji, na leo wajukuu wanauza tikiti za kupita juu yake. Kenya mashimo tunayo, na mvua inayajaza vizuri tu. Sijamwona mtalii hata mmoja.

Kisha ikaja habari ya boti. Pale boti za umeme zinakodishwa kwa saa, na hakuna anayekuuliza kama umewahi kuona maji. Unalipa, unaonyeshwa mbele na nyuma, unasukumwa. Mkwe akashika usukani. Mimi nimekaa pale katikati, nahodha mzima, nimepewa kushika mkoba wa mpwa wangu.

Nyinyi hamjaona foleni. Mfereji wenyewe mwembamba, boti zinakwenda huku, nyingine zinarudi, nyingine zimekaa mshazari kwa sababu aliyeshika usukani anajipiga picha. Kila anayekugonga anacheka. Kwetu ukigonga chombo cha mtu, hucheki, unaitiwa wazee. Tukafika chini ya daraja, boti mbele yetu imejipachika, omo, yaani mbele yake, huku, tezi, yaani nyuma, kule, imeziba njia kabisa. Ndani kuna familia imetulia inakula viazi. Nyuma yetu zimeshapangana nne. Mkwe anasema "pole, pole" kwa Kiswahili, sijui anamwambia nani.

Nikasimama. "Sukuma tezi! Tezi, nasema! Toa omo ukingoni!" Hawakuelewa hata neno, lakini sauti ya nahodha haihitaji mkalimani. Nikaegemeza mkono kwenye nguzo ya daraja, nikaisogeza ile boti kwa mguu, njia ikafunguka. Watu wakapiga makofi. Nikadhani wamenitambua kwa kazi yangu. Kumbe simu zote zimenielekea. Kofia ya viua, kanzu, mzee anayepiga kelele juu ya maji: wamelipa kuona vitu vya kale, na mimi nimeingizwa kwenye hesabu. Amu nimepigwa picha na Waholanzi maisha yangu yote, nikiwa nimekaa barazani sina habari. Nimekwenda kwao, nimepigwa tena.

Mpwa wangu akaogopa nitatumbukia. Mkwe akamtuliza kwamba maji yale hayana kina, yanakaribia mita moja, hata ukianguka unasimama tu. Sasa hayo si ndiyo maneno ya kumvunjia nahodha heshima? Mimi nimevuka mlango wa bahari wa Mkanda wakati wa kusi, leo naambiwa nisiwe na hofu, nitasimama.

Mtu mmoja tu nilielewana naye. Bustanini kwa nyumba moja alikuwako mzee ameketi na gazeti, kiti amekigeuza, mgongo kwenye mfereji. Boti zinapita, watu wanampungia, hageuki. Kuna mtu kutoka mbali aliyesimamisha boti kumpiga picha mgongo huo. Nilitamani nishuke nikae naye, nami nigeuze kiti changu. Lakini kile kibao darajani nilikisoma kabla sijafundishwa Kiholanzi.

Tulipoteremka nikaomba chai. Nikaletewa glasi ya maji moto, mfuko wa chai umelazwa pembeni, na kibiskuti kimoja ambacho kwetu hata mtoto angekirudisha. Iliki hakuna, tangawizi hakuna, maziwa mpaka uulize, na ukiuliza wanakutazama kama uliyeomba mbuzi. Kisha chai hiyo hiyo ikataka kutoka, nikaambiwa choo ni kwa senti. Nikalipa kuingiza, nikalipa kutoa. Mkwe akanisimulia kwamba baridi ikikaza, mifereji huganda na watu huteleza juu yake kwa viatu vya chuma. Nikamwambia siku hiyo asinialike.

Usiku nikatuma picha kwenye kundi letu la barazani. Wa kwanza akajibu: "Umerudi lini? Hapo si Matondoni?" Hicho ni kijiji cha kisiwani kwetu. Wa pili akasema makuti ya Matondoni hayajawahi kukaa sawa vile. Wa tatu akatuma sauti ya dakika nzima kuhusu bei ya viazi, hakutazama picha. Wakabishana juu ya lile daraja, kama punda angelipanda au angegoma, na hapo ndipo maneno yalipokolea, kwa sababu punda sisi tuna elimu nayo. Hata zahanati ya punda tunayo, ipo pale ufuoni Amu tangu 1987.

Mmoja tu, mwenye dau lililolala gatini miezi kwa kukosa kazi, aliniandikia faragha. Hakutaka picha. Alitaka kujua saa moja wanatoza ngapi, na kama ni kwa kichwa au kwa chombo. Nikampa bei, na ya chai, na ya choo. Hajanijibu. Lakini mke wangu ananiambia leo asubuhi kamwona anapaka dau rangi, na mtoto wake kasimama kando na ubao, anaulizia "marufuku kuvuka" inaandikwaje kwa Kizungu.