Nobu nje au menyu ndani? Mashine za efekti za gitaa na matumizi yetu

Wapiga gitaa wakikutana hapa Mwanza, iwe ni mazoezi ya kwaya Nyakato au bendi inayofunga vyombo kwenye baa ya Kirumba, ubishi huu haukosi. Wapo wanaosema mashine ya efekti ya dijitali, yaani boksi linalobadilisha sauti ya gitaa, inapaswa kueleweka kwa kuitazama tu: nobu (kitufe cha kuzungusha) ya mwangwi hii hapa, ya trebo, yaani ukali wa sauti, hii hapa, zungusha upige. Na wapo wanaojibu kwamba mtu anayenunua mashine yenye sauti zaidi ya mia moja, kisha analilia nobu tatu, angenunua pedali tatu za kukanyaga, kila moja na efekti yake, akatuacha tupige muziki.

Mimi niko karibu zaidi na watu wa nobu, ila sababu wanazozitoa wenyewe hazinitoshi.

Hoja wanayoipenda ni urahisi wa kujifunza, na mfano wao huwa pedali za zamani. Ni kweli, Maestro Fuzz-Tone ya mwaka 1962 ilikuwa na nobu mbili tu, na Boss DS-1 ya 1978 ina tatu hadi leo. Lakini tusiisingizie dijitali. Boss DD-2, pedali ndogo ya mwangwi iliyotoka 1983, ilikuwa ya dijitali na nobu zake zilikuwa nne, zote zinaonekana. Shida ilianza pale efekti nyingi na memori nyingi, yaani sauti zilizopangwa na kuhifadhiwa, zilipowekwa kwenye boksi moja. Wanaoikumbuka Zoom 505 ya miaka ya 1990 wanajua: swichi mbili za mguu, vitufe vichache, na kioo kidogo cha tarakimu. Ukitaka kutoka sauti ya tatu kwenda ya saba, unazipitia zile za katikati, na kama mojawapo ni distosheni kali, ile sauti ya kukwaruza, basi kanisa zima linaisikia katikati ya pambio.

Hata hivyo kujifunza si tatizo kubwa. Kijana aliyezoea kupekua mipangilio ya simu hashindwi na menyu. Mpe mashine jioni mbili atakuelekeza wewe. Kama kizuizi kingekuwa ugumu tu, ubishi huu ungekwisha zamani.

Tatizo lenyewe ni mahali. Kwaya moja inafanya mazoezi darasani Jumatano, Jumamosi inaimba kwenye mkutano wa wazi viwanja vya Furahisha, Jumapili iko ndani ya kanisa lenye kuta tupu na paa la bati. Sauti iliyopangwa nyumbani kwa hedifoni haifai popote kati ya hapo. Ndani ya kanisa jengo lenyewe lina mwangwi wake, ukiongeza wako maneno na solo vinakuwa uji. Uwanjani rivabu, yaani mwangwi wa ukumbi unaotengenezwa na mashine, inapotea hewani na gitaa linasikika kavu. Kinachobadilika ukihama ukumbi ni mambo matatu: kiwango cha sauti, trebo na besi, na wingi wa mwangwi. Aina ya amplifaya inayoigwa, mpangilio wa efekti, kipi kinatangulia kipi, hayo hayahami na jengo. Yakizikwa ndani ya menyu hata kurasa kumi, sina ugomvi.

Watengenezaji wanalijua hili. Mashine nyingi za leo zina marekebisho ya jumla ya trebo na besi yanayogusa memori zote kwa pamoja. Sasa yatafute. Mara nyingi utayakuta kwenye mipangilio ya mfumo, jirani na mwanga wa kioo na mambo mengine yanayoguswa mara moja kwa mwaka. Wingi wa rivabu nao, kwenye mashine kadhaa, unabadilishwa memori kwa memori. Kwaya yenye nyimbo sita na memori sita inahitaji marekebisho sita, huku mwalimu wa kwaya anaita watu wapande na fundi mitambo anapiga kelele, "Gitaa, punguza ukali!" Mpigaji anafanya lililo rahisi: anapunguza toni kwenye gitaa lenyewe na kuacha mengine yaende yanavyokwenda.

Halafu kuna suala la mwenye mashine, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mashine hizi zinaonekana kubuniwa zikimfikiria mtu mmoja na chombo chake, chumbani kwake. Huku kwetu mashine nyingi ni ya kanisa, ya kwaya au ya kiongozi wa bendi. Aliyeipanga anapata kazi Geita, au anakwenda chuo Dodoma, na anayeshika nafasi yake anakuta memori zenye majina ambayo aliyafahamu mwenyewe tu. Hathubutu kugusa akihofia kufuta kazi ya mwenzake. Anaishia kwenye sauti za kiwandani, au anaacha mashine kabatini na kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye mixa. Hili halikuanza na gitaa. Kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983 kilikuwa na uwezo mkubwa wa kuunda sauti, lakini kila badiliko lilipitia vitufe na slaida moja, na wapigaji wengi walibaki na sauti kilizokuja nazo. Menyu inamtumikia aliyeijenga. Anayerithi chombo anahitaji kukisoma kwa macho.

Upande wa pili nao una hoja nzito, na watu wa nobu huipita haraka mno. Anayepiga benga ya aina ya D. O. Misiani, mwanamuziki mzaliwa wa Shirati huko Mara, anaweza kuishi na nobu mbili. Uzuri wa ule muziki uko kwenye vidole na nyuzi nyembamba zinazokimbia, wala hauhitaji mapambo mengi. Lakini mpiga solo wa kwaya ya leo, ndani ya ibada moja, anapiga wimbo wa kuabudu wenye mwangwi mrefu, anaingia sebene lenye efekti safi ya korasi, kisha anadaiwa distosheni. Mikono yote iko kwenye gitaa. Hakuna namna ya kugeuza vitu vinne kati ya ubeti na kiitikio isipokuwa kwa memori na mguu mmoja.

Memori ikishakuwepo, nobu ya kawaida inaanza kusema uongo: imesimama kwenye tatu, sauti inayotoka ni ya saba. Ukiigusa, mashine nyingine inarukia pale nobu ilipo, na spika zinapiga kelele. Nyingine haifanyi chochote mpaka uivushe thamani iliyohifadhiwa, na mgeni anadhani imeharibika. Hapo si uvivu wa wabunifu. Memori na nobu ya kawaida haviwezi kukubaliana kila wakati, na dawa inayofaa, nobu zinazozunguka bila mwisho zikiwa na taa au kioo cha kuonyesha thamani, inaongeza gharama.

Kuna na suala la namba. Mpiga kinanda akiweka mdundo wa mapigo 120 kwa dakika, mwangwi unaoangukia kila pigo ni milisekunde 500 kamili. Kwenye menyu unaandika 500, na mwenzako wa Sengerema unamtumia hiyohiyo kwa WhatsApp. Nobu ndogo haikupi uhakika huo, ingawa swichi ya kugonga tempo kwa mguu inakaribia sana.

Mwanga unawapa pande zote haki. Usiku kwenye baa maandishi madogo kando ya nobu hayasomeki, kioo kinachowaka kinashinda. Saa kumi alasiri uwanjani, jua likiwa upande wa ziwa, kioo hichohicho hakisomeki, na kidole chenye jasho hakielewani na tachi. Umeme ukikatika nobu inabaki pale ilipokuwa. Marekebisho ya menyu ambayo hayakuhifadhiwa yamekwenda, na jenereta likiwaka bado unasubiri mashine ijiwashe. Kuhusu vile vifaa vidogo vinavyopangwa kwa programu ya simu, nitasema tu kwamba chombo cha kwaya hakipaswi kutegemea simu ya mtu mmoja.

Wapo waliojaribu kuzipatanisha pande hizi. Line 6 Helix ya mwaka 2015 inakuruhusu kugusa swichi ya mguu kwa kidole na vidhibiti vya efekti hiyo vinajitokeza hapohapo, tena swichi za efekti zina vioo vidogo vya majina yake. Quad Cortex ya Neural DSP, iliyoingia sokoni 2021, swichi zake za mguu zinazungushwa kama nobu. Ni kazi nzuri. Ila zote mbili ziliingia sokoni kwa bei inayozidi dola 1,000, na kwaya nyingi huku hazifiki huko. Mashine za bei ya chini, ambazo ndizo tunazokutana nazo, zina nobu chache kwa sababu inayoeleweka: nobu ni chuma na plastiki, inanunuliwa moja moja na vumbi linaifanya ikwaruze, wakati ukurasa mwingine wa menyu haumgharimu mtengenezaji kipande chochote cha ziada.

Kwa hiyo mwenye mashine yake binafsi, anayeipanga mwenyewe na kuibeba mwenyewe, achukue yenye menyu nene na asibabaishwe na mtu. Kwa kwaya ningetafuta ya aina ya Boss ME-80, hata iliyotumika, ambayo ina memori lakini pia hali ya mkono ambapo kinachosikika ni kile nobu zinachoonyesha. Dukani, kabla ya kulipa, mpeni mashine yule mpigaji ambaye hajawahi kuiona, mwambieni apunguze trebo na rivabu bila kumuuliza muuzaji. Akihangaika muda wa wimbo mzima, irudisheni kwenye kabati la muuzaji.